Kokoto Tisa za Mfuko wa Kulia

Walikuwa wameshamvunja vidole vitatu kabla Inspekta hajafika.

Hakuna aliyeona haja ya kuficha. Mkuu wa walinzi wa klabu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo ya mbolea, anajifuta jasho la kazi aliyotoka kuifanya. Ndani, chini ya rafu za dawa za nyasi, mzee mmoja alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto mgonjwa. Damu ilimtoka puani ikakaukia kwenye ndevu. Jino lake moja lilikuwa karibu na kisigino chake.

"Amekiri?" Inspekta aliuliza.

"Bado kidogo."

"Bado vidole saba, unamaanisha."

Mlinzi alicheka. Akaona yule Inspekta mwanamke hacheki, akaacha.

"Sajenti," Inspekta alisema, "mtoe huyu bwana. Rungu lake liandikwe kwenye vielelezo, na jina lake, na saa."

"Rungu langu la nini tena, afande? Mimi ni shahidi."

"Kwa sasa ni shahidi. Tembea."

Aliyeuawa alikuwa katibu wa handikapu wa klabu hiyo ya gofu, na aliuawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndani ya ofisi ya alama. Mzee aliyekuwa stooni alikuwa kedi, mbeba mfuko wa vijiti vya gofu, na uwanja mzima ulimwita Kokoto. Walinzi walimkuta nyuma ya tangi la maji, ametapika, anatetemeka. Kijiti kilichoua, fimbo ya chuma ya Katibu mwenyewe, kilikutwa ndani ya mfuko mkuukuu wa Kokoto, kwenye banda la makedi, kimeganda damu na nywele. Kesi ilikuwa imepikwa, imepakuliwa, imefunikwa kawa. Kilichobaki ni mtu wa kuila.

Simu ya mkuu wa kituo ilikuja saa tatu na nusu.

"Gari la mahabusu linafika saa tano. Mpakie huyo mzee. Kombe linachezwa saa tano na nusu, na Mwenyekiti wa klabu hataki wageni wake wakute polisi wamejaa barazani."

"Kombe halijafutwa?"

"Limesogezwa saa tu. Mpakie, Inspekta."

Mwaka ule watu wawili walikuwa wamepakiwa kwenye gari lile wakiwa hai, wakashushwa hospitali na shuka usoni. Ripoti zote mbili ziliandika neno moja: kuanguka. Inspekta alikuwa na nakala zake nyumbani, ndani ya bahasha, na tarehe alikuwa nazo kichwani. Alitazama saa yake. Muda wa saa moja na nusu. Hayo ndiyo maisha yaliyokuwa yamebaki kwa mzee wa stooni.

Akaanzia ofisini.

Katibu alilala kifudifudi, kisogo kimebonyea ndani kama sufuria iliyodondoka. Kiti kilikuwa kimepinduka. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye dari, mistari miembamba, mingi, kila mmoja na mwelekeo wake. Aliyefanya hivi hakuridhika mapema.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti. "Nane," alisema kwa sauti ya chini. "Sita kichwani, moja shingoni, moja mkono wa kushoto. Huo aliuinua kujikinga, mfupa ukakatika."

"Huwezi kukosea kwa moja?"

"Uso wa chuma una mistari. Kila pigo limeacha mistari yake. Nane."

"Basi namba hiyo tunayo watatu: wewe, mimi na Sajenti. Ibaki hapa hapa."

Juu ya meza palikuwa na vitabu viwili. Inspekta alivisoma akiwa amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo taya lake lilivyokaza.

Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, na handikapu ni nafuu. Mchezaji dhaifu hupunguziwa mikwaju kadhaa mwisho wa mchezo, ili yeye na hodari wapimwe kwenye mzani mmoja. Ni wazo la haki kabisa. Lakini mzani wowote una mtu anayeushika, na hapa ulikuwa na vitabu viwili. Kitabu cheusi kilikuwa cha wanachama. Mwanachama akicheza vizuri kupita kawaida yake, wanangoja: raundi ishirini zinajumlishwa, wastani unatafutwa, kamati inakaa, chai inaletwa. Kitabu chekundu kilikuwa cha makedi, ambao huruhusiwa kucheza Jumatatu asubuhi na siku ya kombe. Kedi akicheza vizuri mara moja, nafuu yake inakatwa siku hiyo hiyo, kwa kalamu moja, bila kikao. Kanuni hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Mwaka huo huo kedi alikuwa amelichukua kombe. Kalitafute jina lake kwenye ubao wa mabingwa ukumbini, hulioni, wameandika "Halikuchezwa". Kwenye kitabu chekundu yupo: Kokoto, kutoka kumi na nne hadi nne. Saini, Katibu.

"Sababu ya kuua hiyo hapo, afande," Sajenti alisema.

"Ya miaka kumi na moja? Kisasi gani hicho kinachosubiri hadi meno yaanze kung'oka?"

Akafungua kitabu cheusi. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wenye namba yake ya uanachama. Ukurasa wa thelathini na moja haukuwepo. Ulichanwa kwa haraka. Ncha yake ilikuwa bado kwenye uzi.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa daktari wa meno, ndiye aliyeukuta mwili. Alikuwa na damu kwenye viatu na mdomo usioogopa.

"Juma lililopita ulimwambia marehemu utamkata kama alivyokukata," Inspekta alisema.

"Nilisema. Mbele ya watu arobaini. Alinitoa kumi na sita akaniweka kumi na mbili, na alikuwa na haki, ndiyo maana niliumia. Lakini mtu wa kuua hapigi mbiu."

"Saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Uwanja wa mazoezi. Uliza. Tulikuwa kumi, na mimi ndiye niliyekuwa nacheza vibaya kuliko wote, kwa hiyo watanikumbuka."

Walimkumbuka. Sajenti aliuliza watano, watano wote wakacheka kabla ya kujibu.

"Mwanachama namba thelathini na moja ni nani?"

Daktari wa meno alitazama mlango, kisha viatu vyake. "Nenda ukumbini, Inspekta. Soma ubao. Majina sita ya mwisho ni jina moja."

Lilikuwa la Mwenyekiti. Aliitwa, akaja: mrefu, mtulivu, shati limenyooka kama limetoka dukani, nywele bado mbichi za maji ya kuoga. Aliulizwa kuhusu ukurasa.

"Binti yangu," alisema, "aliyeua ndiye aliyechana, ili lawama atupiwe mtu mwingine. Hao watu si wajinga kama wanavyoonekana. Mmeshapata chuma ndani ya mfuko wake. Mnataka na risiti?"

Inspekta alikwenda bandani kuuona huo mfuko. Ulikuwa umeshonwa mara nyingi, uzi juu ya uzi. Ndani vijiti kumi, vya mitumba, hakuna viwili vya kundi moja, na vyote vilimetameta. Kitambaa chenye unyevu kilining'inia kwenye pete. Alipitisha ukucha kwenye mistari ya kila chuma: hakuna punje ya udongo. Kisha akaitazama nafasi tupu mlimotolewa kile cha damu.

"Sajenti, huyu mzee amebeba vijiti miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Na miaka thelathini na mbili hajawahi kurudisha chuma kichafu mfukoni. Leo tu, chenye damu, ndicho kakiacha hivyo. Angeua, mkono wake ungekifuta bila yeye kujua. Aliyekiweka humu ni mtu aliyezoea kunyoosha mkono na kijiti kikapokelewa."

"Mkuu wa kituo hatakubali hilo, afande."

"Hata mimi nisingelikubali. Nipe orodha ya vitu vya mzee."

Sajenti alikuwa ameandika kila mfuko peke yake, kama Inspekta alivyomfundisha kwa kumfokea. Mfuko wa shati: miwani iliyopasuka. Mfuko wa kushoto wa suruali: kokoto arobaini na tatu. Mfuko wa kulia: kokoto tisa.

Inspekta alisoma mstari wa mwisho mara mbili, akarudi stooni karibu mbio.

Alichuchumaa mbele ya mzee. Alimpa maji, akamshikia kikombe.

"Baba, hizi kokoto ni za nini?"

"Za kuhesabia, mwanangu." Sauti ilipitia damu. "Tajiri akipiga mkwaju mmoja, kokoto moja inatoka kushoto inahamia kulia. Wao wanasahau. Jiwe halisahau."

"Leo hukumbebea mtu mfuko."

Mzee alimeza funda la maji.

"Sasa hizi tisa ni za nani?"

Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama bomba linalovuja katika nyumba isiyo na mtu.

"Nilikuwa chini ya dirisha la ofisi. Nilimpelekea Katibu hesabu ya jana. Alinituma yeye mwenyewe."

"Katibu? Aliyekukata kumi kwa raundi moja?"

"Ndiye."

"Wote wanasema ndiyo maana umemuua."

"Ningemuua mwaka ule, nilikuwa na nguvu." Alikohoa. "Mwezi wa pili alikuja bandani, akaketi juu ya ndoo, na suti yake yote. Akasema, Kokoto, nilikukosea, na kitabu kile hakinipi usingizi. Kabla sijastaafu nataka nikate mmoja kwa haki. Nihesabie. Nikamwuliza nani. Akasema unamjua."

"Mwenyekiti."

"Siku za kawaida anajiongezea. Anatupa mpira majini makusudi, anaandika nane mahali pa tano, nafuu inapanda, inapanda, hadi ishirini. Siku ya kombe anacheza alivyo. Yule ni mtu wa kumi na moja, mwanangu. Miaka sita anawashinda wenzake kwa mikwaju tisa ya bure, na juu ya hiyo bado anabishana na mimi kila shimo. Mkwaju uliokosa mpira anasema haukuwepo."

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Katibu alisema, 'Ni kumi na moja. Nimeshaandika. Leo unacheza na kumi na moja, na ubao utafutwa majina sita.' Alisema taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha nikasikia pua. Mwenyekiti kabla hajapiga huvuta pua mara mbili. Miaka ishirini nimesimama nyuma yake. Nikasikia chuma kinavuma."

"Kikagonga?"

"Cha kwanza kilikosa. Kilivuma kikapita, kiti kikaanguka. Baada ya hapo ndipo vikaanza kugonga." Aliinamisha kichwa. "Nilitaka kupiga kelele. Miguu ilikataa, mdomo ulikataa. Mkono peke yake ndio uliofanya kazi. Ulikuwa unahamisha kokoto, sikuutuma. Mtu anauawa, mimi nahesabu."

"Na ule wa kwanza uliuhesabu?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Wa hewa nao ni mkwaju. Umekusudia, umezungusha, unahesabiwa. Ndiyo kanuni."

Inspekta na Sajenti walitazamana. Nane za kugonga, moja ya hewa. Mzee huyu hakuuona mwili, wala hakumwona daktari. Lakini mahakama gani itamfunga mwenyekiti wa klabu kwa mvuto wa pua na mawe ya mfukoni? Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Mchezo ukiisha," Inspekta aliuliza, "kadi zinahakikiwa vipi?"

"Mezani, barazani. Kedi anasoma hesabu ya kila shimo, mchezaji anaitika, karani anaandika."

"Na Mwenyekiti huitika?"

"Huyo?" Kwa mara ya kwanza mzee akataka kucheka, mdomo uliopasuka ukamkataza. "Tangu nimjue hajawahi kuitika. Hubisha kwanza."

Meza ya alama ilikuwa chini ya paa la baraza. Wanakamati walikaa upande mmoja, saa zao mikononi, daktari wa meno akisimama nyuma yao na mfuko wake wa vijiti. Daktari wa polisi alikuwa pembeni na daftari lake. Mwenyekiti aliketi katikati, ameshavaa glavu ya kuchezea.

"Nina dakika kumi, Inspekta."

"Hazitafika. Nyumba hii ina utaratibu wake, nimeona niufuate. Kedi atasoma anachodai alikisikia, kamati isikie, mimi niandike, nimpakie garini."

"Vizuri. Wanachama nao wajue wanalisha watu gani."

Kokoto aliingia akiwa ameshikiliwa na Sajenti. Mmoja wa wanakamati aligeuza uso alipoona mkono. Mwenyekiti hakugeuza. Alinyoosha miguu chini ya meza, kama alivyonyoosha kila Jumamosi kwa miaka ishirini.

"Haya, we Kokoto. Soma, tuna kazi."

Mzee alisimama pale alipozoea kusimama, kushoto kwa meza, hatua moja nyuma. Mgongo ulijinyoosha wenyewe. Sauti ikatoka ile ya kazi, isiyo na hasira wala heshima.

"Shimo moja, Mwenyekiti. Ofisini. Mikwaju tisa."

"Nane," Mwenyekiti alisema.

"Tisa, Mwenyekiti. Na ule wa kwanza."

"Ule wa kwanza haukugusa kitu. Mara ngapi nikwambie, wa hewa hau..."

Akaishia hapo. Mkono wake wenye glavu ulibaki hewani, kidole kimemwelekea kedi wake. Mwanakamati mmoja alikuwa ameshika kikombe, chai ikaanza kumwagikia suruali na asijue.

"Daktari," Inspekta alisema, "soma daftari lako."

"Majeraha nane."

"Namba hiyo tulikuwa nayo watu watatu, Mwenyekiti, na wewe hukuwa mmojawapo. Mzee huyu hakuambiwa. Alisikia tisa akasema tisa. Wewe ndiye uliyejua kwamba mmoja ulikosa."

Mwenyekiti hakubisha. Aliinuka polepole, kama anayekwenda kunawa. Alipofika kwenye mfuko wa daktari wa meno mkono wake ukachomoa chuma, na wote pale barazani wakasikia sauti ndogo, ya kawaida kabisa: pua, mara mbili.

Kokoto aliisikia kabla yao. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Chuma kilitua kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, mfupa ukatoa mlio wa kuni kavu, mzee akaanguka chini kwenye kona ya meza. Mwenyekiti alikiinua tena, safari hii juu zaidi, akilenga kichwa. Inspekta alimrushia kiti magotini. Chuma kilimponyoka kabla hajakizungusha, kikapasua mbao za sakafu. Sajenti alimpiga kirungu begani, mfupa wa mtulinga ukakatika, akampiga tena, akamlaza kifua juu ya meza kwa uzito wake wote. Uso wa Mwenyekiti uligonga kadi za alama. Alipouinua, damu ilikuwa imejaza nafasi za mashimo yote kumi na nane, na jino la mbele limebaki kwenye karatasi.

"Ananikata," alisema, akitema. "Ananikata mimi. Katibu, karani tu. Kwa maneno ya mbeba mizigo."

Sajenti alimfunga pingu. Kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la mvua, lililotundikwa chumba cha kubadilishia nguo, walikuta ukurasa wa thelathini na moja, umekunjwa mara nne. Hakuuchoma. Huenda alitaka kuusoma tena.

Gari la mahabusu liliingia saa tano kamili. Dereva alishuka na karatasi.

"Niliambiwa mzee mmoja."

"Na huyu ni mzee pia," Inspekta alisema. "Daktari ameandika majeraha yake yote: bega, jino, magoti. Sajenti anapanda naye nyuma. Akishushwa na hata mkwaruzo mmoja wa ziada, ni wako, na nitauhesabu."

Dereva alimtazama, akatazama walinzi, akafungua mlango.

Kokoto alikuwa ameegemezwa kwenye nguzo, daktari anamfunga mbao mkononi. Mkono mmoja vidole vimevunjwa, mwingine mfupa. Alikuwa anahangaika na kitu, anasogeza kiuno, anatazama suruali yake.

"Unataka nini, baba?"

"Mfuko wa kushoto, mwanangu. Kokoto zangu zilirudishwa?"

Inspekta alikuwa nazo kwenye bahasha mbili za vielelezo. Alisita. Kisha akachukua kokoto moja kutoka bahasha ya kushoto, akamwonyesha, akaidondosha ndani ya ile ya kulia.

"Kumi," mzee alisema, akafumba macho. "Huo umegusa."